Jua Ambalo Mama Hakuliona

Majirani walimwita mama yangu Bibi Jua, jina lililonikera kwa sababu zangu. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuchora jua. Kila siku saa tatu na nusu asubuhi alipanda ngazi za kituo cha kuangalia anga, akafungua dirisha la paa na kuelekeza darubini. Hakuchungulia ndani yake, maana anayefanya hivyo hupofuka. Aliacha mwanga umwagike juu ya karatasi, na jua likatokea pale, duara jeupe la ukubwa wa sahani, na madoa yake meusi. Madoa hayo ni sehemu zilizopoa kuliko nyingine. Akiwa na shaka alitikisa karatasi: uchafu wa karatasi ulisogea nayo, doa la jua lilibaki palepale.

Jua likifunikwa aliandika “mawingu”. Kuruka siku, hapana. Kwa hilo mama alikuwa mkali kuliko askari wa getini.

Siku aliyofariki baba, saa nne kasoro asubuhi, mchoro upo. Umeandikwa saa tatu na nusu, na sahihi ya mama. Mimi nilikuwa bweni. Baba mdogo ndiye aliyenifuata, na njiani akanimwagia yote: alichelewa kufika hospitali, akakuta kitanda kimeshatandikwa upya, akaenda kituoni na kumkuta mama ameinamia karatasi.

“Nikamuuliza, shemeji, uko hapa tangu saa ngapi? Akanijibu tangu saa tatu.”

Basi baba alikufa peke yake, na mama yuko na jua lake. Tangu hapo nilimsalimia, nikampikia, nikampeleka kliniki ya macho, ila moyo sikumpa. Miaka kumi na tisa si mchezo. Naye hakujitetea hata mara moja, jambo lililonipandisha hasira zaidi.

Mwezi uliopita ilikuja barua. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo nilimsomea mimi, mezani, baada ya chai. Ilitoka kwa watafiti wa safari za watu angani. Walieleza kwamba milipuko ya jua hutokea penye madoa makubwa, na hurusha chembe kali. Sisi huku chini tunakingwa na hewa na nguvu ya sumaku ya dunia. Aliye njiani kwenda mwezini ana kuta za chombo chake tu, na lazima aonywe mapema ajifiche penye ukuta mnene. Katika michoro ya mama wameona doa dogo, kesho yake limenenepa kidogo, keshokutwa limekuwa kubwa mno na kulipuka. Kule kunenepa kidogo ndiko wanakotaka kuwe dalili ya onyo, ili wasafiri wapate siku nzima ya kujiandaa. Nikasoma tarehe ya mchoro huo wa katikati. Ilikuwa siku aliyofariki baba.

“Rudia hapo,” mama alisema. Nikarudia.

“Doa hilo haliniachi. Nikifumba macho lipo. Sasa kuna watu watakaa kwenye chombo wakilitegemea. Nawaona kabisa, mwanangu, wametulia, wanadhani wana siku nzima.”

“Si ulilichora vizuri?” nilimwambia. Nilitaka imuume.

“Sikuliona.”

“Hukuona nini?”

“Jua. Siku ile sikuliona.”

Mkuu wa kituo, akanieleza, alikuwa amemnyima ruhusa ya kwenda hospitali, naye akatoroka. Aliporudi mawingu yalikuwa yametanda, na mkuu anapanda ngazi; lakini saa tatu na nusu kulikuwa kweupe, na kuandika “mawingu” kungemfichua. Alichukua mchoro wa jana, akasogeza madoa kadiri jua linavyozunguka kwa siku, na moja akalinenepesha kwa kukisia. Baba mdogo alipoingia kuuliza, mkuu alikuwa amesimama nyuma ya mama.

“Ningefukuzwa siku hiyohiyo niliyofiwa, na wewe uko shule.”

“Na baadaye? Hata mimi sikupaswa kujua?”

“Ungemwambia baba yako mdogo, na yeye angemwambia nani? Michoro yangu yote ingeonekana ya uongo. Nikaona bora unichukie.”

Sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumrushia kikombe. Baba mdogo mwenyewe ameshakufa, na alikufa akimsema.

“Chukua kalamu,” mama alisema. “Waambie mchoro huo si wa kweli, wasiutumie. Na mingine wakitaka kuitupa, waitupe.”

Niliandika. Akaendelea polepole, nami nikamfuata neno kwa neno: “Saa tatu na nusu nilikuwa hospitali, nimemshika mume wangu mkono. Sikuuachia mpaka alipokata roho.”

Kalamu ilinigomea hapo.

“Alisema kitu?”

“Alikuuliza wewe. Nikamwambia uko njiani.”

Nililia bila kujificha. “Mama, nisamehe.”

Alinyoosha mkono mezani akaipapasa karatasi.

“Umeandika tarehe?” aliniuliza.