Vanishi Siku ya Mvua

Hasira ndiyo iliyopaka rangi lile jeshi. Wapo watakaokuambia kazi kama ile hufanywa kwa subira na utulivu wa roho, waache waseme. Fundi wa meno hakuwa na utulivu wa roho mwaka ule. Alikuwa na brashi nyembamba, taa ya mezani, baba anayepoteza macho, na kaka wa kumtia mtu wazimu.

Mchana alikaa chumba cha nyuma cha kliniki akitengeneza meno ya bandia, akichonga magego ya watu asiowajua. Jioni alirudi kwa baba yake, akavuta kiti, akawashika askari wa plastiki, kila mmoja kimo cha kidole gumba, na kuanza upya kuinamisha shingo iliyokuwa imeinama tangu asubuhi.

Baba alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, na nusu ya sebule yake ilimezwa na meza aliyoiunda mwenyewe: vilima vya mbao na sponji, mto wa rangi, daraja, barabara zenye kona sahihi kabisa. Juu ya meza hiyo aliwafundisha watoto wake wawili kupigana vita vya dadu na rula. Sheria ya nyumba ilikuwa moja na haikujua kilio cha mtoto: askari asiyepakwa rangi hapandi mezani. Wote wawili waliwahi kulia kwa ajili ya sheria hiyo, na baba aliwapa leso, na brashi.

Sasa mzee alitazama dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Maumbo yalikuwa yameyeyuka, ila rangi kali bado zilimfikia, akiisogeza taa na kukileta kitu karibu na pua. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba siku moja ukungu utafunga kabisa. Siku gani, hakusema.

Hapo ndipo kaka mkubwa alipoingia na mpango wake. Kaka alikuwa meneja wa bima, na alizungumza na kila mtu, hata baba yake mzazi, kama mteja ambaye hajasoma vizuri masharti.

"Baba, huoni. Ipo siku utajiunguza jikoni. Kwangu chumba kipo, kitanda kipo, msichana wa kukupikia yupo."

"Na meza?"

"Meza haitaingia, baba. Hiyo itabidi tuivunje."

"Ninachotaka kuona, nakiona."

"Haya, tucheze basi. Mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kukusogezea askari wala kukusomea dadu. Ukiweza, sitafungua tena mdomo wangu. Ukishindwa, unafunga virago."

Baba akakubali palepale, bila hata kumeza mate. Fundi wa meno, aliyekuwa akiosha vikombe, alihisi damu ikimpanda. Askari wa zamani walikuwa kahawia na kijani cha matope, juu ya vilima vya kahawia. Kwa macho ya mzee walikuwa matope juu ya matope, na kaka alilijua hilo.

"Nitampakia rangi askari wapya," akasema, mikono ikimchuruzika povu. "Pande zote mbili. Wekundu wenye kola za njano, na wabuluu wenye kofia nyeupe. Atawaona."

Kaka akacheka. Si kicheko kibaya hata. Kilikuwa cha huruma, na ndiyo maana kiliuma zaidi. "Wewe, mdogo wangu? Hujawahi kumaliza kitu tangu uzaliwe. Gitaa uliacha. Kushona uliacha. Lile sweta je?"

Sweta lilikuwa bado kabatini, lina mkono mmoja. Kaka angekuwa amesema uongo, dada yake angempa vidonge vyake na yangeisha. Lakini alisema kweli, mbele ya baba, na mtu akikutukana kwa jambo la kweli unabaki nalo tumboni.

Basi akaanza. Maboksi ya askari wapya yalipofika, baba akadai kuunganisha yeye. Alivikata viungo vya plastiki kwa kuvipapasa, akavitia gundi kwa kuvipapasa, na kwa mtu asiyeona alifanya kazi safi, isipokuwa askari mmoja aliyepata kichwa kilichotazama mgongoni.

"Baba, huyu umemgeuza shingo."

"Muache. Ndiye mlinzi wa nyuma."

Makosa ya fundi wa meno yalikuwa kuanza na viatu. Kliniki walifanya hivyo: meno yote ya siku hupitia hatua moja pamoja, kisha yote huingia hatua ya pili. Kwa hiyo alipaka viatu vya jeshi zima. Jioni baada ya jioni, viatu. Kisha mikanda. Alipaka mpaka vidole vikakakamaa, na kila alipoinua kichwa aliona umati uleule wa kijivu ukimtazama kama haujaguswa. Akaanza kutafuta visingizio: leo kichwa kinauma, leo brashi imechoka, leo kuna nguo za kupiga pasi. Jioni moja aliitupa brashi ukutani, akawatukana askari kwa mama zao ambao hawakuwa nao, akaenda kulala na njaa.

Asubuhi baba alimkuta jikoni. "Kuna hata mmoja aliyekwisha?"

"Hakuna."

"Wote wana nini?"

"Viatu. Na mikanda."

Mzee alifikiri. "Mama," akamwambia bintiye, "umeniundia jeshi lililovaa viatu na mikanda bila suruali. Wakikimbia vitani itakuwaje?"

Fundi wa meno alicheka mpaka chai ikamtoka puani, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Toka siku hiyo alibadili. Alichukua wachache, akawamaliza wote, kola, vifungo, kope, kila kitu, ndipo akachukua wengine wachache. Waliokwisha aliwapanga dirishani. Kila asubuhi baba alikwenda na kikombe chake, akaokota mmoja, akamleta puani kwenye mwanga wa dirisha, akatangaza kama karani wa mahakama: "Nyekundu. Kola njano. Huyu tayari." Mtu hawezi kuacha kazi inayosomwa hivyo kila asubuhi. Atajaribu, lakini jioni kiti kitamwita.

Na dirisha lilipokuwa halitoshi, kaka alitosha. Alipiga simu mara kwa mara, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa anayetarajiwa kufa. "Mmefika wapi?" Fundi wa meno alikata simu akaketi na kupaka vifungo kwa meno yaliyobana. Vifungo alivichukia kuliko kitu chochote duniani. Alimchukia aliyebuni vifungo. Kazini mkono ulikuwa umeshazoea njano kiasi kwamba siku moja nusura ampelekee mteja jino la chonge lenye kola ya njano, na daktari akamuuliza kama yuko salama.

Hata hivyo, walikwisha. Alipoliweka jicho la mwisho kwenye uso wa mlinzi wa nyuma, hakushangilia. Alivuta mlango wa kabati, akalitazama lile sweta, akalisonya.

Ilibaki vanishi. Bila vanishi, vidole vya baba vingekula rangi kabla mchezo haujafika katikati. Mchezo ulipangwa Jumapili, na wiki nzima mvua ilikuwa inanyesha, ila redio ilisema Jumamosi mchana jua litatoka. Alipanga kusubiri jua.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. "Nakuja leo," kaka akasema. "Kesho nimepata kikao. Mwambie baba ajiandae. Nakuja na sanduku."

"Sanduku la nini?"

"La nguo, mdogo wangu. Tusidanganyane."

Fundi wa meno alibeba trei mbili za askari hadi barazani, akanyakua kopo la vanishi ya kupuliza, akalitikisa kama anayemnyonga mtu. Nje ya ukingo wa baraza mvua ilikuwa inamwagika. Alijua. Baba alimfundisha tangu hajaota meno ya kudumu: vanishi hii haipatani na unyevu, ikikauka kwenye hewa mbichi inageuka ukungu mweupe. Alijua, na akapuliza, huku akimjibu kaka yake maneno yote ambayo kwenye simu hakuyapata. Ilipokuwa mbichi iling'aa vizuri. Akazirudisha trei mezani, akaenda kuoga hasira.

Alipotoka, kaka alikuwa ameshaingia, sanduku miguuni, mwavuli ukidondosha maji sakafuni. Baba alikuwa mezani, amevaa shati lake la heshima, taa karibu na shavu, jemadari wake mwekundu mkononi. Alimleta puani. Akamsogeza mbali. Akamleta tena.

"Mama, umezima taa?"

"Inawaka, baba."

Alimrudisha jemadari kwenye trei taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akaokota mwingine, akamtazama, akamrudisha.

"Basi siku imefika," akasema. "Leo ukungu umefunga. Wote weupe."

Kaka akanyoosha mkono akamchukua jemadari. Akamtazama, na fundi wa meno akamwona akimtazama. Jemadari alikuwa amefunikwa na ukungu kama kikombe kilichopakwa unga. Wekundu wote, wabuluu wote, kola zote, vifungo vyote vile vya laana. Kaka akainua macho yake mazima, akayakutanisha na ya dada yake. Alikuwa ameelewa. Kisha akamrudisha jemadari mahali pake, akaweka mkono kwenye bega la baba.

"Pole sana, baba. Daktari alisema itafika. Twende tu nyumbani."

Na fundi wa meno, tusimpambe, alinyamaza. Kitambo kifupi tu, lakini alinyamaza. Kazi ya mwaka ilikuwa imeharibika kwa mkono wake mwenyewe, na hapa palikuwa na mlango wa kutokea: macho ya mzee yabebe lawama, asiwepo wa kusema tena hujawahi kumaliza kitu. Kaka alikuwa akimfungulia mlango huo kwa upole, akimkonyeza apite. Kisha akaiona mikono ya baba ikipapasa ukingo wa meza kana kwamba inaiaga.

"Mtoe mkono begani!" Sauti ilimtoka mpaka jirani akafungua dirisha. "Umeona kwa macho yako mawili! Umeona, halafu unampaka baba mafuta kwa mgongo wa chupa? Unampofusha mtu ili upate kumfungia sanduku?"

"Punguza sauti. Nilikuwa nakusitiri wewe."

"Nisitiri na nini? Na macho yake?" Akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee. "Baba. Si macho yako. Ni mimi. Nimepuliza vanishi mvua ikinyesha. Wote wameshika ukungu. Ni weupe kweli, baba, hata mimi nawaona weupe."

Mwavuli ukadondosha tone.

"Vanishi?" baba akauliza.

"Ndiyo."

"Ya kupuliza?"

"Ndiyo, baba."

"Mvua inanyesha?" Mzee alisimama. "Mvua inanyesha, na wewe unapuliza vanishi? Nilikufundisha nini? Nilikufundisha ukiwa na umri gani? Mtoto mdogo alijua, mtu mzima hajui! Kichwa chako kimetazama mgongoni kama yule mlinzi? Jeshi zima! Ungejaribu hata kwa mmoja kwanza!"

Aligomba, akazunguka meza akigomba, akagonga sanduku kwa mguu akalitukana nalo. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Fundi wa meno alibaki magotini akipokea kila neno. Miezi mingi hakumsikia baba yake akigomba kwa nguvu vile, na hakutaka aache.

"Mafuta!" mzee akafoka. "Mafuta ya kupikia na kitambaa laini. Unangoja nini?"

Akakimbia jikoni. Baba alichovya kitambaa mwenyewe, akamsugua jemadari kifuani kwa kidole, akamleta kwenye taa. Alikaa naye hapo muda mrefu.

"Nyekundu," akasema, safari hii taratibu. Akasugua tena. "Kola njano."

Kaka alishika mpini wa sanduku. Hakujua pa kulipeleka.

"Na wewe unakwenda wapi?" baba akamuuliza bila kugeuka. "Kaa. Utacheza wabuluu. Shika kitambaa, wasugue watu wako mwenyewe, mmoja mmoja, uone kazi aliyoifanya mdogo wako."

"Baba, mimi nilikuwa—"

"Kaa."

Akakaa. Wakasugua wote watatu, fundi wa meno akisugua kwa hasira hata mlinzi wa nyuma akakatika bunduki. Mvua ilikuwa imeacha walipowapanga vilimani. Mzee aliinama juu ya meza na taa yake, akahesabu watu wake kwa rangi, akamwashiria mwanawe aanze.

Kaka akarusha dadu. Ikabingirika hadi kwenye daraja, ikasimama. Baba akaisogelea hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Dadu hii ni yako, usome wewe, kwa sauti," akamwambia. "Nami nitakuwa naangalia kama unasema kweli."