Nusu ya Sanda ya Kambo Shanta

Ukikaribia dukani kwa Kambo Shanta, sokoni Kikula, ulisikia kwanza gurudumu lake la kusokotea pamba likilia kwirr, kwirr, huko nyuma ya marobota ya vitenge. Kambo, yaani bibi, ndivyo sisi watoto tulivyomwita mama huyo mzee wa Kihindi. Duka la mwanawe lilijaa nguo za kila rangi, naye hakuvaa hata moja. Alivaa nyeupe tu, ya kukwaruza, ya uzi wa mkono. Mimi, mdaku tangu kuzaliwa, nikitoka shule nilipitia kwake kumchambulia pamba ili anipe njugu na hadithi.

Hadithi ilikuwa ile ile, nami sikuichoka. Walipokuwa wasichana huko India, yeye na dada yake Rama walitupa nguo za Waingereza motoni mbele ya askari, wakaapa kuvaa walichosokota wenyewe. Wakafungwa. Gerezani waliendelea kusokota, hadi Rama akashikwa na homa, akafia humo humo. Uzi wao ulitoa kitambaa kimoja, na Kambo alikivusha bahari mpaka kwetu Likasi, Kongo, kiwe sanda yake. Watu wa dini yake huchomwa wakifa. Mara nyingi nilimkuta anakipapasa tu.

Mwaka wa komunio yangu ya kwanza, mishahara ya kiwandani ilikwama, gauni jeupe likakosekana. Mama akaniambia nisubiri mwaka ujao. Nililia mpaka macho yakavimba. Kambo aliponiuliza, nikamweleza. Akafungua sanduku, akatoa sanda, akashika mkasi. Mwanawe aliruka kutoka kaunta.

"Mama, hapana! Ile ni ya safari yako. Minye niko na nguo nyeupe mingi hapa, nitamupa."

"Weye utamupa ya kwako siku ingine," akajibu. "Minye nikiungua na yote, Rama anabakia wapi? Alikufaka bila mutoto."

Akakata nusu, nayo ikashonwa gauni langu. Nilimpenda siku ile kupita maelezo.

Alipofariki, nusu iliyobaki ilimfika magotini. Mwanawe hakuongeza nguo ya duka, alijua mama yake asingependa. Mama yangu alichuma maua ya uani kwetu, akamfunika miguu, na sote tukalia.

Leo pale huuzwa simu, na ukimtaja Shanta utatazamwa tu. Dada yake ndiyo kabisa: nimetafuta jina lake katika vitabu, sijaliona. Lakini gauni lipo. Wadogo zangu wote walilivaa, na Jumapili iliyopita ikawa zamu ya binti yangu. Katikati ya misa alianza kujikuna shingo, kanuna.

"Mama, hii nguo inakwaruza!"

Nilimrekebishia kola, machozi yakinitoka bila aibu.

"Vumilia kidogo, Rama," nikamwambia.