Nafasi Moja ya Kusoma Sheria

Polycarpe Sebarenzi alikuwa karani wa tribinali ya kimila pale Masisi. Watu wa milima ya Lushebere walimwita Papa Karani hata kabla hajaota mvi moja. Siku za mashauri alivaa koti lake la kaki, akakaa kushoto kwa mwamuzi, akaandika yaliyosemwa na pande zote mbili. Aliipenda kazi hiyo. Alipenda zaidi namna watu walivyosimama akipita.

Mwaka wa 1956 habari ilifika kutoka Bukavu. Ilikuwa imefunguliwa kozi ya juu ya sheria kwa Wakongomani waliokwisha kupata diploma ya utawala. Si kozi ya kuanza sheria upya. Kila mwanafunzi angechagua swali moja linalosumbua tribinali za wakati ule, alichunguze kwa watu na katika sheria zilizoandikwa, kisha alitetee mbele ya majaji. Na maswali hayakukosekana. Serikali ilikuwa imekataza kuoa wake wengi, na waliokwisha kuoa walikuwa wanauliza watoto wao ni wa nani. Wasichana walifunga ndoa misioni, wakarudi kwa wazazi, na hakuna aliyejua mahari inafuata sheria ya kanisa ao ya mila. Wajane walifukuzwa mashambani.

Masisi ilipewa nafasi moja.

Polycarpe alijua ni yake. Wenye diploma walikuwa wawili tu: yeye, na Théoneste Nzabandora, aliyekaa naye benchi moja shuleni kwa mapadri. Sasa Théoneste alifanya kazi ofisini kwa Administrata, mzungu mkuu wa wilaya, kupiga mihuri na kupokea wageni. Mtu huyo hajawahi kusikiliza shauri moja tangu mwanzo hadi mwisho! Polycarpe alikwisha hata kumwambia mke wake Sidonie apige pasi mashati.

Asubuhi moja, bendera ilipokwisha kupandishwa, Administrata akamtaja Théoneste.

Polycarpe akapiga makofi pamoja na wengine. Mikono ilipiga, mdomo ulicheka, lakini moyoni alikuwa akiyahesabu mashati yaliyokwisha kupigwa pasi. Théoneste akamfuata mpaka barabarani.

"Kaka, niliwaambia weye njo unajua mashauri kunipita. Walijibu tribinali haiwezi kubaki bila karani."

"Hakuna neno," Polycarpe akasema. "Uende muzuri."

Wema ule ulimuumiza kuliko tangazo lenyewe. Kama Théoneste angejivuna, Polycarpe angepata mahali pa kuweka chuki yake. Sasa alibaki nayo mikononi.

Kuanzia siku ile hakuna kilichomkalia vizuri. Wakati wa Noeli Théoneste alirudi likizo amevaa miwani, na watu wakasema kweli masomo ya Bukavu ni mazito. Wiki iliyofuata Polycarpe alipanda kamyo mpaka hospitali ya Kirotshe, akasema macho yake yamechoka kwa kuandika. Munganga akampima.

"Papa, macho yako iko muzima kabisa."

"Pima tena."

Alipimwa tena, akaambiwa vilevile. Akarudi Masisi na macho yake mazima, amekasirika kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Kiangazi kilichofuata Théoneste alikuja kufanya uchunguzi. Swali alilolichagua lilikuwa la wajane: mume akifa, nani ana haki juu ya shamba ambalo mke amelilima miaka yote? Alitaka kupita kilima kwa kilima akiwauliza wanawake na wakubwa wa familia.

Polycarpe alimtangulia. Jumapili, watu walipotoka misa, alisimama kando ya barabara akasema kwa sauti ya chini, ile watu huisikiliza sana:

"Muangalie ule. Anaulizia mashamba, anaandika mipaka. Kesho wazungu wa plantasio watakuja kupima udongo yenu."

Hakuhitaji kuongeza neno. Watu wa pale walikwisha kuona vilima vizima vikigeuka mashamba ya wageni. Kila Théoneste alipobisha hodi alipewa kiti na pombe ya mtama, akaongeleshwa habari za mvua na maharagwe. Akiuliza habari za shamba, mwenye nyumba alikumbuka mbuzi zake hazijarudi. Polycarpe alimuona akishuka kutoka Lushebere na matope mpaka magotini, hana kitu, na siku hiyo alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu muda mrefu.

Lakini Polycarpe alikuwa na dada, Joséphine-Marie. Mume wake, Émile, alikwenda kufanya kazi ya madini kule Walikale, udongo ukawaangukia shimoni. Baada ya kilio, shemeji yake mkubwa, Kabera, alimpa maneno mawili: akubali kuwa mke wake wa pili, ao aache shamba la migomba na maharagwe. Joséphine-Marie alikuwa Mkristo wa ndoa ya kanisa, akakataa yote mawili. Alipomuomba kaka yake msaada, Polycarpe alimwambia anyamaze kwanza, asitie familia haya mbele ya tribinali.

Sasa dada huyo alikuja nyumbani kwa Polycarpe mchana, jembe begani, hakukaa.

"Kaka, njo weye ulisema Théoneste iko nauzisha udongo yetu?"

"Nilionya bantu tu."

"Na shamba yangu, nani iko naikamata? Muzungu? Ao Kabera, ule unakunywaka naye pombe?"

Polycarpe akatazama mlango. "Dada, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Basi nitayatoa nje. Nitasema na Théoneste."

"Hautaenda."

"Nitaenda, na nitasema pahali bantu wote watasikia."

Akasema sokoni, siku ya soko, amesimama katikati ya vikapu vya mihogo, na Théoneste akiandika amekaa juu ya gunia. Alipomaliza, mjane mwingine akaweka chini mzigo wake akaanza kueleza ya kwake. Kisha mwingine. Polycarpe aliyaona yote kutoka mlango wa tribinali.

Mwezi uleule Joséphine-Marie alipeleka shauri lake, na kaka yake alilazimika kuliandika. Mwamuzi hakumpa shamba liwe lake moja kwa moja. Aliamua alilime mpaka watoto wake wa kiume wakue, na Kabera aondoe ng'ombe zake alizokwisha kuziingiza humo. Kabera alitoka bila kumuaga karani.

Théoneste alitetea kazi yake mwaka wa 1958. Chefu, mtawala wa kimila wa Masisi, alimtuma Polycarpe Bukavu kuiwakilisha tribinali. Katika ukumbi ule, mbele ya majaji, Théoneste akasoma maneno ya mjane mmoja wa Lushebere: "Mume wangu alikufa chini ya udongo ya Walikale, na miye wananifukuza juu ya udongo ya Lushebere. Udongo iko moja. Nani alisema ni ya wanaume?" Jaji mmoja mzee akaomba yasomwe tena.

Polycarpe alikuwa ameyaandika maneno yaleyale kwa mkono wake siku ya shauri la dada yake, bila kuyasikia. Na pale, akiwa ameketi nyuma, aligundua kwamba hakumuonea Théoneste wivu tena. Alimuonea wivu dada yake.

Jambo hilo lilimtia haya kweli. Nje, alimshika Théoneste mkono.

"Miye njo nilifunga milango ya Lushebere."

"Nilijua tangu siku ya pili."

"Na ukaninyamazia?"

"Ningekushitaki wapi? Karani wa tribinali ni weye." Théoneste akacheka, lakini si sana. "Ulinichelewesha, kaka. Bamama wengine bado wananiogopa mpaka leo. Rudi uwaambie kweli."

Polycarpe alirudi, na Jumapili akasema mbele ya kanisa, pahali palepale, sauti juu. Wengine walimtukana. Joséphine-Marie hakumsifu, alimuomba tu aje kumsaidia kujenga ua wa shamba, naye akaenda.

Mwaka uliofuata Masisi ilipata nafasi nyingine, na mara hii ilikuwa yake. Alichagua swali la mahari. Darasani alimkuta kijana wa Walikale, Marcellin, aliyeuliza mtoto ni wa nani kama mahari haijalipwa, swali ambalo mwalimu alilifurahia mno. Polycarpe akamchukia tangu asubuhi ya kwanza. Mchana alichukua kiti chake, akaenda kukaa karibu naye.

"Ile swali yako ya mahari na mutoto," akamwambia, "unielezee pole pole."