Nilivyovalishwa mshipi wa punda nikavuta mkokoteni mbele ya kina mama wa bombani, na leo natembea kifua mbele

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nimeamua kuandika, na sitaongeza chumvi hata punje. Atakayecheka acheke tu, nimeshazoea.

Mimi ni mzaliwa wa Kanazi, Ngara, Mhangaza halisi. Maisha yakanisogeza mpaka Nyamahanga, Biharamulo, ambako nina kibanda cha kutengeneza katambuga, vile viatu vya tairi. Na niseme bila aibu, katambuga zangu ni habari nyingine. Wafugaji wanazivaa kwenda mnadani na kurudi mwaka hadi mwaka. Unachoka wewe, kiatu kinabaki.

Ikumbukeni hiyo sifa, maana ndiyo iliyoniponza.

Huku majirani zangu wengi ni Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza. Punda kwao ni mtu wa nyumbani. Anabeba maji, mahindi, kuni, mpaka mgonjwa. Sisi kwetu tulikua na ng'ombe, mbuzi na migomba. Punda nilikuwa namsikia kwenye methali ya mateke.

Sasa likaja shirika moja. Kazi yao ni kutetea farasi na punda wasiteswe. Siku ya mkutano walitundika mabango ya farasi wanaong'aa utadhani wamepakwa mafuta. Mzee mmoja akanyoosha mkono, "Huyu mnyama mzuri hivi anaishi kata gani?"

Watu hoi! Farasi huku tunamwona kwenye kalenda.

Lakini daktari wao wa mifugo, dada mmoja mpole ila hana mchezo na kazi, akayaweka mabango pembeni. Akaomba aletewe punda yeyote aliye jirani.

Akaletwa Wifi.

Wifi ni punda wa Mama Nshoma, mjane mwenye mguu mmoja mbovu. Alimpa jina hilo kwa sababu ukimtuma anakutazama kwanza kabla hajaamua kama unastahili (wifi wa ukoo jamani, siyo ile ya intaneti). Huyo Wifi ndiye miguu yake. Bomba liko mbali, na bila punda yule mama hafiki.

Dokta akainua gunia lililokuwa limefunika shingo ya Wifi. Wakuu, nilitazama pembeni. Kidonda kama kiganja, kibichi, nzi wamejaa.

Kosa lilikuwa nini? Nira.

Watu wetu wanajua ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, nira inakaa vizuri pale mbele ya nundu, anavuta. Wakamvalisha punda nira ileile. Punda hana nundu! Mti unasugua ngozi na mfupa siku nzima, halafu akigoma anaitwa mvivu na fimbo juu. Siyo ukatili, ni mazoea tu.

Dokta akaeleza kwamba punda anavuta kwa kifua. Anatakiwa mshipi mpana wa kifuani, na kijimto mgongoni cha kubeba miti ya mkokoteni.

Mama Nshoma akasema, "Nira hii aliichonga marehemu mume wangu. Mkiitoa, mnipe kitu kinachoizidi."

Nani akanyoosha mkono? Mimi hapa, fundi wa tairi.

Dokta alinichorea kila kitu. Akasisitiza, "Fundi, shona. Usigongee misumari."

Nikaitikia kwa heshima zote. Nilipofika kibandani nikajisemea, huyu dada anajua sindano za kuchoma ng'ombe, viatu ataniambia nini? Nikakata tairi, nikaweka kipande cha blanketi kwa ndani, nikagongea vijimisumari vyangu na kukunja ncha, kama ninavyofanya kwenye katambuga. Kikatoka kitu cha kupendeza hatari! Nikakipiga picha nikaweka status, kisha nikampelekea Mama Nshoma, akamvalisha Wifi.

Siku ya sita naona Mama Nshoma anakuja kibandani, anaburuta mguu. Kwa miguu, bila Wifi.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Mkuu, Msukuma mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue umeua.

Akafungua kiganja. Msumari wangu, una damu.

Jasho na mvutano vilikuwa vimeukunjua. Ulitoboa blanketi ukaingia kifuani kwa Wifi. Kiatu kinakanyagwa kuelekea chini, mshipi unavutwa kila upande. Sikuwaza hilo kabisa, kwa kiburi changu.

"Nira ilimuumiza nikijua," akasema. "Wewe umemuumiza akiwa anakuamini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nililia, sifichi.

Kibaya zaidi, alikuwa amekata tamaa. Dokta alisema Wifi apumzike kabisa, aoshwe kwa maji ya chumvi kila siku. Na kuna mnunuzi alikuwa anapitapita vijijini, hanunui punda wa kubeba maji. Mnajua wenyewe anawapeleka wapi: machinjioni. Mama akasema punda asiyevuta hawezi kumlisha, mnunuzi akirudi atampa.

Nikamwomba anipe muda mpaka kidonda kifunge. Akakubali kwa shingo upande. Siku zote hizo maji yake niliyabeba mimi kwa baiskeli, asubuhi kabla ya kufungua kibanda.

Mshipi wa pili nilishona. Blanketi la pamba kwa ndani mara tatu, kiroba kigumu kwa nje, upana wa kiganja changu, sindano kubwa na uzi wa nailoni. Vidole viliota sugu mpya. Dokta akaukagua akasema safi.

Nikaupeleka bombani, kina mama wamejaa. Mama Nshoma akaushika, akaugeuza, akanirudishia.

"Kama ni mzuri, vaa wewe."

Nikadhani utani. Akaonyesha mkokoteni, una madumu sita yamejaa. "Vua shati. Wifi havai shati."

Wakuu, mimi ni baba wa watoto watatu.

Nikavua. Nikavaa mshipi kifuani, nikashika miti ya mkokoteni, nikavuta. Kina mama walivyopiga vigelegele! "Punda wa Ngara huyoo!" "Mpigieni mluzi, anagoma!" Mmoja akanirushia jani la mahindi nile.

Ule mlima wa kwenda kwa Mama Nshoma ukiupita bila mzigo unauona mdogo. Nilifika, nikauegesha mkokoteni mlangoni kwake.

Na hapa ndipo penyewe. Nilipouvua mshipi, kifuani karibu na bega la kushoto nilikuwa na mchubuko mwekundu. Fundo la uzi lilikuwa limebaki kwa ndani, dogo kama punje ya mtama. Dokta hakuliona, mimi sikuliona. Ngozi yangu ndiyo iliyoliona.

Mama akaugusa ule mchubuko kwa kidole, akatingisha kichwa. "Sasa umejua. Kalitoe."

Nikafumua, nikashona upya, mafundo yote nikayahamishia nje. Kesho yake nikavuta tena bila kuombwa. Kifua safi.

Ndipo akamleta Wifi. Yule punda alinitazama kama kawaida yake, akafikiria, akainamisha kichwa nikamvalisha. Akaondoka na madumu sita bila fimbo hata moja. Mnunuzi aliporudi, Mama alimwambia apite mbele.

Leo tuko kikundi cha mafundi, Nyamahanga na wengine mpaka Murukulazo kule Ngara. Sheria yetu ni moja: mshipi hauendi kwa punda kabla fundi hajauvuta kifua wazi. Ule msumari nimeutundika kwenye nguzo ya kibanda, kila fundi mpya anaushika kwanza. Nira ya marehemu iko ukutani kwa Mama, kuku wanalala juu yake.

Juzi alikuja bosi wa shirika, lile la mambo ya farasi. Akauliza nani aligundua hiki kipimo. Nikamwonyesha Mama Nshoma. Mama akamtazama toka juu mpaka chini, akamwambia, "Na wewe vua." Akavua, akavuta! Nilijisikia fahari kweli.

Kidonda cha punda kikipona huota nywele nyeupe. Mama akamshika bosi mkono akampeleka kwa Wifi. "Alama hii kubwa ya shingoni ni ya marehemu mume wangu," akasema. Akashuka kifuani, kwenye kidoa kidogo kama harage. "Na hii ni ya mwanangu huyu."

Mwanangu, wakuu. Mbele za watu.

Nilichojifunza: kama kazi yako itavaliwa na asiyeweza kusema, ivae wewe kwanza. Na ukiambiwa shona, shona.

Wenye punda, wenye ufundi, wenye maoni, uwanja ni wenu. Matusi pia nitasoma. Ila ukitaka kuja kubishia ushonaji wangu, pitia kwanza bombani kwa Mama Nshoma, na uje na shati linalovulika haraka.