Mguu wa Mwendesha Toleka

Kila asubuhi mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alifika kituo cha afya cha Kabondo akiwa amepakiwa na mwenzake. Baada ya ajali, mfupa wa mguu wake wa kulia ulikuwa umetunga usaha, na hospitalini walikwisha kuzungumzia kuukata mguu huo. Kisha daktari akakubali ajaribu kwanza dawa ya kupitishwa mshipani kila siku huku akilala kwake. Chimène, muuguzi aliyemtundikia dripu, alimjua kwa ule mkono wenye sindano aliyoachiwa hata usiku, umefungwa kitambaa safi, umeinuliwa kidogo kama wa mtu aliyebeba mayai. Dawa ikishuka, sauti yake nene iliwatania wagonjwa wenzake. Jana amekula pondu, majani ya muhogo, na wanawe, amelala kitandani mwake. Hayo aliyasimulia kila siku kana kwamba ni habari mpya.

"Papa, mguu iko namna gani?" Chimène alimwuliza.

"Iko na kasirani, mama. Inataka kazi."

Siku sindano ilipotolewa, daktari akasema mfupa umepona, na mwendesha toleka akaondoka bila kuaga. Chimène aliumia kidogo moyoni. Wiki iliyofuata, akitoka kazini, alisikia kengele ya baiskeli langoni. Alikuwa yeye, ameshika usukani mwenyewe, jasho linamtiririka, anacheka hadi magego yanaonekana.

"Mama infirmière, muuguzi wangu, panda! Leo mimi njo nakupeleka."

Akapanda. Penye mwinuko mbele ya kituo mwanamume huyo hakushuka kusukuma. Alisimama juu ya pedali akakanyaga kwa mguu ule ule, na wagonjwa barazani wakapiga vigelegele.