Msiba wa Mama Gwimo

Kwa miaka sita Devota Manariyo alikuwa na mume na watoto watatu, siku za Jumanne na Alhamisi tu. Siku nyingine aliuza mawese sokoni Mwanga, na jioni akarudi peke yake kwenye chumba chake Buzebazeba. Familia hiyo ilikuwa ya runinga, ya vichekesho vilivyoitwa Kwa Mzee Gwimo, vikirekodiwa katika nyumba ya kukodi kule Ujiji. Mtayarishaji alimchukua baada ya kumsikia akimkaripia mteja aliyechovya kidole kwenye ndoo yake ya mafuta.

Hakujaliwa mtoto. Vijana walioigiza wanawe walimwita Mama hata kamera zikishazimwa, na Ndizeye, aliyeigiza kitinda mimba, alimletea mashati yaliyokatika vifungo amshonee.

Kisha kituo kimoja cha Dar es Salaam kikataka kipindi kipya, Wana wa Gwimo, kuhusu watoto wale wakihamia mjini na baba yao. Wenzake wakapanda treni. Devota aliwasindikiza hadi stesheni. Mwongozaji akamwambia, "Mama, sehemu yako ipo. Tutakuita." Akangoja miezi minane.

Jumapili ya kipindi cha kwanza, saa kumi alasiri, alikwenda kwa jirani yake Esther, mwenye runinga kubwa. Wanawake waliojaa mkekani wakamwachia kochi zima, kama bibi harusi.

Ikatokea sebule mpya. Ukutani palikuwa na picha yake mwenyewe, imezungushiwa maua ya plastiki. Aliijua. Ilipigwa Ilagala, kwenye harusi ya mdogo wake, na Ndizeye aliiomba akisema anataka tu kuwa nayo. Sasa Ndizeye huyo alisimama mbele ya picha hiyo, akasema, "Leo arobaini ya Mama imepita, na bado hatujui chumvi inatiwa saa ngapi." Vicheko vya kwenye runinga vikalipuka.

Mkekani hakucheka mtu.

"Wamekuua," Esther akasema polepole.

"Ni mchezo tu, dada," Devota akajibu.

Alikaa mpaka mwisho, maana kuondoka kungekuwa aibu kubwa kuliko kubaki. Kufa hakukumuuma sana. Kilichomchoma ni pale binti yao wa kwenye mchezo alipomuuliza Mzee Gwimo kama analala vizuri siku hizi, naye mzee akajibu kwamba kitanda kimekuwa kipana mno. Devota alijaribu kukumbuka ni nani aliyewahi kumuuliza yeye swali kama hilo. Hakumkumbuka.

Alipofika kwake akampigia Ndizeye.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimewaona."

"Walitukataza kusema. Walidai mama akiwepo watoto hawatahangaika, na wasipohangaika hakuna kichekesho."

"Na picha, nani aliwapa?"

"Mimi. Walitaka kuweka ya mwanamke mwingine. Nikaona siwezi kumlilia mtu nisiyemjua."

"Ulilia?"

"Nililia, Mama. Wakaikata ile sehemu."

"Haya," Devota akasema. "Ule vizuri huko."

Kesho yake soko zima lilimtania. Muuza dagaa alijifanya kukimbia mzimu, naye Devota akamfukuza na mwiko, wateja wakacheka, na mafuta yakauzika kuliko kawaida. Lakini mama mmoja mtu mzima, asiyemfahamu, alimshika mkono na kumwambia "pole" kwa sauti ya chini, bila kufafanua pole ya nini. Devota alijibu "asante," kisha akageuka akajifanya anafunga vizibo vya chupa mpaka yule mama alipoondoka.

Ndizeye alipiga simu Jumapili mbili zilizofuata. Ya tatu alituma ujumbe. Baada ya hapo kazi ilimzidi, au ndivyo Devota alivyojiambia.

Kufikia kipindi cha tano Mzee Gwimo alikuwa ameanza kumposa muuza chapati wa jirani. Esther alimwita dirishani, "Njoo, kinaanza."

"Nina nguo za kufua."

Alikuwa nazo mbili tu. Alizifua taratibu uani, akazianika, akaketi juu ya beseni aliloligeuza. Kutoka ng'ambo ya ukuta ilimjia sauti ya Ndizeye. Maneno hayakusikika, ila aliitambua, kisha wanawake wa mkekani wakacheka wote pamoja.