Nani Abebe Begi

Rafiki yangu aliuteka muswada wangu mchana kweupe, mbele ya mifuko ya saruji, na hakuna polisi ambaye angenisaidia, kwa sababu yeye ni Mkwere na mimi ni Mnyamwezi. Sisi ni watani. Mtani akikunyang'anya kitu hajakuibia, nawe huna ruhusa ya kununa. Unakikomboa kwa masharti yake, unacheka, unakwenda zako. Babu yangu alipofariki, watani walizuia jeneza mlangoni hadi walipopewa jogoo. Muswada ni nini mbele ya jeneza?

Ilikuwa riwaya yangu ya kwanza ya watoto. Nilikuwa nimeichapa kwenye karatasi na kuisahihisha kwa penseli kwa miezi mitatu, na masahihisho hayo hayakuwa mahali pengine popote. Mhariri aliitaka Ijumaa. Siku ulipotekwa ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa nimekwenda Msata, kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, kumsomea sura ya mwisho. Niliamini atalia. Riwaya ilimhusu yeye.

Ilikuwa hivi. Wasichana wawili wa Bagamoyo wanaingia mikokoni kutafuta sanduku la rupia za zamani. Mmoja ni mtoto wa mwalimu, ana viatu na ana ramani. Mwenzake ni mtoto wa mpishi wa nyumba hiyo hiyo. Huyu anakwenda pekupeku, anajua kila njia, anasikia maji yakijaa kabla hayajajaa, anabeba begi la maandazi wala hachoki. Mwishoni anamwokoa mwenzake, na mwalimu, kwa shukrani, anamnunulia viatu. Viatu hivyo nilivipa aya mbili nzima. Vilimeremeta.

Rafiki yangu alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, akinikatiza mara moja tu kumpimia fundi misumari. Nilipomaliza aliniuliza viatu vilikuwa namba ngapi. Nikasema sikuandika namba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa nondo fupi.

"Nyinyi Wanyamwezi mliingia Bagamoyo na mizigo vichwani," akasema. "Kutoka Tabora, kwa miguu. Dunia nzima inajua. Iweje kwenye kitabu chako begi nibebe mimi?"

Nilianza kumweleza kuhusu ubunifu. Akauchukua muswada mikononi mwangu, akautia kwenye droo, akachagua kufuli jipya kutoka rafuni, akafunga, na ufunguo akautia kifuani.

Ili ieleweke kwa nini, lazima niseme ilivyokuwa kweli.

Tulikuwa na miaka tisa. Baba yangu alifundisha shule ya misheni Bagamoyo, na mama yake rafiki yangu alitupikia. Nyumbani kulikuwa na boksi la vitabu vya msaada, karibu vyote vya watoto wanaokwenda kutafuta hazina. Nilimsomea kwenye ngazi ya jikoni huku yeye akichambua mchele. Alivipenda, ingawa si kwa sababu zangu. Alikuwa akisema nirudie pale wanapokula.

Katika kila kitabu watoto wenye viatu walipotea, kisha kichakani akatokea mtoto mmoja mchafu, asiye na jina la ukoo, akawaonyesha njia. Kwa hiyo nilijua dunia ilivyopangwa. Mwenye viatu ana wazo, asiye na viatu ana njia. Sisi tulikuwa mmoja mmoja wa kila aina. Tulichokosa ni hazina tu.

Siku moja maji yalipokupwa niliamua tuingie mikokoni. Nilimpa begi la maandazi, nikamweka mbele. Akikata kushoto, nami nikakata kushoto. Nilistaajabia jinsi alivyokuwa haulizi wala hasiti. Matope yalitufika magotini, kaa wakawa wanatukimbia kwa ubavu, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafika kwenye sura ya nane. Kisha nikaona maji yanaingia taratibu katikati ya mizizi. Nikamuuliza bado mbali?

Akasema atajuaje.

"Si wewe ndiye unayejua njia?" nikamwambia.

"Naijulia wapi? Mimi nashinda jikoni kwenu."

Ikadhihirika kwamba muda wote ule alidhani mimi ndiye ninayemwongoza kwa nyuma, kama mtu anavyoswaga punda. Kila nilipomkaribia alijua namsukuma upande ule. Tulikuwa tumefuatana saa nzima, kila mmoja akimwamini mwenzake kabisa. Sijawahi kuona urafiki mkubwa kuliko huo, wala wa kijinga zaidi.

Walitutoa wavuna chumvi waliosikia tunalia. Mmoja alitubeba wote wawili, huku na huku kwapani, kama mikeka. Begi lilikuwa tupu. Rafiki yangu akiogopa hula.

Mlangoni baba aliuliza swali moja tu: nani aliongoza? Nikasema yeye. Lilikuwa jibu fupi, na ukilitazama kwa jicho moja lilikuwa kweli. Si alikuwa mbele? Mimi nilikogeshwa nikapewa chai ya maziwa. Yeye mama yake alimchapa pale pale uani, mbele ya wazazi wangu. Mwisho wa mwezi yule mama hakupika tena kwetu. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Baba alisema ametaka kurudi shamba, na mimi nikaipokea habari hiyo kwa mikono miwili.

Urafiki haukufa. Tulisoma shule moja, tulipendana na wavulana wa hovyo kwa zamu. Yeye akafungua duka, mimi nikaanza kuandika, na tangu hapo mwenye gari ni yeye na anayeomba lifti ni mimi. Lile la mikokoni hakulitaja hata siku moja, hadi siku ya droo.

Sharti lake halikuwa jogoo. Alitaka niende Makurunge, kwenye shamba la mama yake, nikamwambie wazo lilikuwa la nani. Miaka yote, alisema, mama anaamini kazi yake ilikwenda kwa ukorofi wa mwanawe. Nikamwambia bila shaka ananitania.

"Nakutania, ndiyo," akasema. "Ndiyo maana huwezi kukataa."

Jumatano akanipeleka kwa gari lake. Mama tulimkuta amekaa kwenye kigoda, anamenya mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za wazee, nikazijibu zote, hata zile ambazo hakuuliza. Rafiki yangu akanikanyaga mguu. Ndipo nikasema: wazo lilikuwa langu, njia alikuwa haijui, lawama nilimtupia yeye.

Mama alimaliza muhogo aliokuwa nao kabla ya kunijibu.

"Nilijua," akasema. "Huyu ukimtuma chumvi nyumba ya pili anapotea. Angekupeleka wewe mikokoni?"

Nikamuuliza kwa nini basi alimchapa.

"Baba yako alikuwa amesimama pale. Ulitaka nimchape nani?" Akachukua muhogo mwingine. "Nilingoja useme. Nikangoja mpaka mwisho wa mwezi."

Rafiki yangu, ambaye njia nzima alikuwa akijiandaa kucheka, hakucheka.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia nimekuchapa bure?"

Rafiki yangu akachukua kisu akaketi kumsaidia kumenya, na kwa kitambo kirefu alimenya vibaya sana, nusu ya muhogo ikienda na ganda. Mimi sikupewa kisu. Nilisimama kama mgeni asiyejua choo kiko wapi, hadi mama aliponihurumia kwa namna yake. Alinionyesha kiroba cha mihogo cha kupeleka garini.

"Mnyamwezi," akasema, "kazi yenu hiyo."

Nilikitwika kichwani. Rafiki yangu alitangulia, na safari hii alicheka kila shingo yangu ilipoyumba. Alikata kulia kwenye migomba akatufikisha mtaroni. Ilibidi turudi.

Muswada alinirudishia. Ijumaa sikuupeleka, nilimpigia mhariri nikaomba wiki mbili. Alipousoma alilalamika kwamba katika riwaya hii sasa hakuna hata mmoja anayejua njia, na watoto wanahitaji shujaa. Nikamwambia kuna wavuna chumvi.

Sehemu ya mlangoni ndiyo niliyoiandika mara nyingi kuliko zote. Baba anauliza nani aliongoza, na mtoto mwenye viatu anajibu, "Mimi." Mpishi anaendelea kupika. Rafiki yangu aliisoma amesimama kaunta, ufunguo wa droo mkononi. Akasema huo ni uongo mtupu, na niuache hivyo hivyo. Viatu, akasema, nivifute.